Chai ya Kipupwe na Ulezi wa Fausta

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kiwandani kabla sijagusa jani hata moja, na kosa lilikuwa mafuta ya nywele. Nilikuwa binti niliyetoka Sumbawanga, nimemaliza shule, nimepata kazi katika kiwanda cha chai huko milima ya Tukuyu. Asubuhi hiyo nilijipaka mafuta ya kunukia ili nionekane mtu wa maana. Msimamizi wa Kiwanda, mzee mfupi aliyefunga koti lake la kijivu mpaka kidevuni, alisimama mlangoni akanusa hewa mara moja tu.

"Nani ameleta maua humu ndani?" aliuliza.

Wenzangu wote walinigeukia.

"Nenda ukaoge, binti yangu, tena kwa maji matupu," aliniambia. "Chai inanyonya kila harufu inayopita karibu nayo. Ukikaa humu hivyo ulivyo, kuna mtu mbali huko atakunywa kichwa chako."

Nilioga huku nalia kwa aibu, nikarudi nikiwa nimefunga kitambaa. Tangu siku hiyo sijapaka tena kitu chenye harufu siku ya kazi, na wanangu walikua wakidhani mama yao ni bahili wa manukato. Nayaeleza haya kwa sababu vijana mkinitembelea hapa Izia, mtaa wetu wa Sumbawanga, mnaniuliza kazi ya chai ilikuwaje, na kila mmoja anadhani ilikuwa kazi ya kunywa. Nyinyi mnatumbukiza mfuko kikombeni, mnamwaga sukari mpaka kijiko kinasimama, kisha mnaniambia chai zote ni zilezile. Kaeni basi niwaeleze.

Nilianzia ghorofani, kwenye vitanda vya kunyaushia. Hivyo ni vitanda virefu vya wavu ambamo majani mabichi hutandazwa, na upepo husukumwa kutoka chini ili yapunguze maji yalegee. Jani lisiponyauka vizuri hukatika ovyo kwenye mashine na utamu wake humwagika sakafuni. Msimamizi hakutumia kipimo chochote zaidi ya mkono. Alichota konzi ya majani, akayakamua, kisha akafungua kiganja. Yakitawanyika, bado. Yakibaki donge, tayari.

Kwenye vitanda hivyo ndipo nilipojifunza hali ya hewa kwa vidole. Majani ya wakati wa mvua kubwa yalifika mengi, mapana na laini, yamebeba maji hata usiku mzima wa upepo usiyatoshe. Msimamizi aliyatazama kwa huzuni. "Haya mvua imeyanywa kabla yetu," alisema. Mti wa chai ukipata mvua na joto hukimbia kukua, na jani lililokua mbio lina rangi lakini halina mengi ya kusema mdomoni. Wakati wa baridi kavu, kipupwe, magunia yalikuja machache, majani madogo na magumu kidogo. Lakini ghorofa nzima ilinukia, nasi tulifanya kazi bila kuzungumza sana.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Mufindi, kwenye chumba cha kuonjea. Mkuu wangu huko alikuwa Mwonjaji Mkuu, mama mrefu mwenye sauti ndogo ambaye hata Meneja wa Shamba alimwogopa. Siku niliyoripoti alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa.

"Unatoka wapi?"

"Sumbawanga, mama."

"Basi unapenda dagaa."

Nilikiri kwamba kwetu dagaa wa Kirando wanapanda kutoka ziwani na kila nyumba inawajua.

"Kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi ulimi wako ni wa kiwanda," alisema. "Hakuna dagaa, hakuna kitunguu, hakuna pilipili, hakuna pombe. Jumapili nakurudishia ulimi wako, ukale nao unachotaka."

Kuonja chai hakuna adabu. Unachota kwa kijiko, unavuta kwa kishindo ili chai isambae mdomoni na hewa ipande puani, unatulia kidogo, kisha unatema kwenye ndoo. Humezi hata tone, maana vikombe ni vingi na ukimeza utachoka kabla ya saa nne. Tabia hiyo imenikaa. Mpaka leo, nyumbani kwangu, funda la kwanza la chai nalipeleka dirishani nikalitema. Wakwe zangu wamekwisha kuzoea.

Mama yule alinipangia vikombe vya chai iliyotoka kwenye kipande kimoja cha shamba, miti ileile, mashine ileile, ila imechumwa siku tofauti. Nilitakiwa nimwambie siku hizo zilikuwaje. Mwanzoni nilibahatisha tu, naye akawa ananicheka kwa jicho moja. Polepole nikaanza kuona. Chai iliyochumwa siku ya pili ya mvua ilikuwa na maji katikati. Iliyochumwa baada ya wiki ya jua na usiku wa baridi iliamka mdomoni na kukaa. Na iliyochelewa nikaijua upesi kuliko zote. Mchumaji huchukua chipukizi na majani mawili ya juu. Akichelewa kurudi kwenye mti uleule, jani la tatu linafunguka na kukomaa, naye huchuma nalo. Hapo unapata chai yenye ladha ya nyasi kavu, haina ubaya, ila haina jambo.

"Sasa umeanza kuonja," mama yule aliniambia siku moja, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata kwake. Nilitembea nayo mwezi mzima.

Kisha nikarudi nyumbani. Kulikuwa na mwenye shamba mmoja aliyepanda chai kwenye miteremko ya Mbizi, juu kidogo ya mji, mahali ukungu unapolala asubuhi. Ufipa si nchi ya chai. Ni nchi ya mahindi, ulezi na upepo. Watu walimcheka, lakini miti ilishika, akajenga kiwanda kidogo, nami nikaajiriwa kuwa Msimamizi wake. Sikufikiri mara mbili. Nilikuwa nimeonja ardhi za watu wengine miaka mingi, nilitaka sasa nionje ya kwetu.

Ukweli ni kwamba chai ya kwetu haikuwa na jambo. Tulitengeneza chai ya masika, nyingi, nyeusi, na wanunuzi waliichukua kwa ajili ya kuongezea rangi kwenye chai za wengine. Mwaka mmoja, mvua zilipokatika, Mwenye Shamba alikuja akazunguka shamba lote mikono nyuma. Meneja wetu, kijana aliyesomea kilimo na aliyeniamkia shikamoo kila asubuhi hata tulipokuwa tumegombana, alimfuata hatua kwa hatua.

"Mwaka huu nikikosa mnunuzi anayeitaka chai hii kwa jina lake, nang'oa," Mwenye Shamba alisema. "Nitapanda mahindi. Mahindi angalau hayahitaji nijieleze."

Niliogopa. Niliwaogopea wachumaji, wanawake wa vijiji vya jirani waliokuwa wamezoea mshahara wao, na nilijiogopea mimi, maana kuona miti ile inang'olewa kungekuwa kuambiwa kwamba kwetu hakuna ladha.

"Bado hujaonja chai ya kipupwe," nilimwambia.

"Ipo wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Haikuwahi kuwepo. Kila kipupwe shamba lilikuwa kimya, mashine zinafunguliwa na kupakwa grisi, kwa sababu wachumaji wote walikuwa kwenye ulezi. Mimi na Meneja tulichuma majani kidogo kwa mikono yetu, tukayanyausha kwenye mkeka, tukayafikicha, tukayakausha jikoni. Nilipoonja nilimtazama Meneja, naye alikuwa ananitazama mimi. Tulihitaji majani ya kujaza mashine, na tuliyahitaji kabla jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri, haijaunguza machipukizi. Mwenye Shamba alikubali kumwita mnunuzi. Akasema hiyo ndiyo itakuwa mara ya mwisho.

Kiongozi wa wachumaji aliitwa Fausta. Alikuwa mwanamke mpana, mwepesi wa mikono, na mwepesi zaidi wa maneno. Tulimkuta nyumbani kwake akinoa visu vidogo vya kukatia masuke.

"Chai kipupwe?" alisema tulipomaliza. "Leokadia, wewe ulikulia wapi?"

"Izia."

"Basi unajua. Ulezi wangu umeiva. Nikiuacha ndege watakula, upepo utapukutisha, na ng'ombe wa jirani watamalizia. Wanangu watakula nini, majani yenu?"

"Tutaongeza ujira," Meneja alisema.

Fausta alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Bwana Meneja, hiyo hela yako itashika kisu? Kila mtu hapa yuko shambani kwake. Nitamwajiri nani?"

Mimi niliangalia visu vile vimepangwa kwenye jamvi, nikamkumbuka mama yangu. Kwetu kipupwe hakuna aliyekata ulezi wake peke yake. Leo mnaingia kwa huyu, kesho kwa yule, mwenye shamba anapika pombe, na aliyekukatia wewe lazima ukamkatie yeye. Nyumba isiyoingia kwenye mzunguko huo inavuna kwa machozi. Kiwanda chetu kilikuwa kimekaa pale miaka yote bila kuingia.

"Sisi kiwandani tuna mikono," nilisema. "Mashine zimelala. Tutakuja kukata ulezi wenu, shamba kwa shamba. Kisha mtakuja kuchuma chai yetu."

Fausta aliokota kisu chake. "Wote?"

"Wote."

"Na huyu?"

"Sijawahi kukata ulezi," Meneja alisema.

"Utafundishwa," Fausta alisema, akamkabidhi kisu.

Basi tukaenda. Watu wa vitanda, Fundi Mashine na watu wake, mlinzi, karani, mimi na Meneja. Ulezi hukatwa suke moja moja, unashika kwa mkono wa kushoto na kukata chini ya vidole, na ukiharakisha unajikata mwenyewe. Fundi Mashine alikata mabua marefu mno mpaka watoto wa Fausta wakamzomea. Meneja alijikata kidole siku ya kwanza, akafunga kitambaa, akaendelea. Jua lilipoinama Fausta alitoa pombe ya ulezi kwenye kibuyu. Nilipokataa, uso wake ulibadilika, na nilielewa. Kukataa pombe ya mwenye shamba ni kusema hukuja kumsaidia, ulikuja kumwajiri.

"Ni ulimi," nilimweleza. "Nikianza kunywa sasa, chai ikija sitaisikia. Na chai hiyo ndiyo kila kitu."

Alifikiri, akaingia ndani, akarudi na togwa tamu isiyolevya.

"Ulimi unywe hii," alisema. "Lakini pombe yangu unadaiwa. Siku ukistaafu utakuja kuimaliza."

Ulezi ulipoingia ndani, wanawake walikuja wakiwa na masweta na vitenge vimefungwa kichwani. Tuliwaomba wasianze mpaka jua likaushe umande, maana jani lililolowa linachemka ndani ya gunia. Siku ya pili mchana Fausta alisimama katikati ya miti akanyoosha shingo.

"Upepo umekufa," alisema. "Na mbingu imekuwa nyeupe, haina wingu. Kesho bondeni kutakuwa na jalidi."

Meneja alisema simu yake haikuonyesha hivyo, kisha akafikiri tena, akairudisha mfukoni. Tuliacha kilimani tukashuka wote bondeni, hata Fundi Mashine, tukachuma mpaka giza linaingia. Alfajiri bonde lilikuwa jeupe, na machipukizi tuliyoshindwa kuyafikia yalikuwa yameungua meusi. Mengine yote yalikuwa kwetu ghorofani yananyauka, salama.

Kilichobaki kilikuwa subira. Majani yakishakatwakatwa hutandazwa yapate hewa, yageuke kutoka kijani kwenda rangi ya shaba. Ndiko kuchacha kwa chai, na ndiko ladha inakozaliwa. Kwenye joto huenda haraka. Kwenye baridi ile ya Ufipa yalikuwa yanajivuta.

"Mama, tuwashe jiko tuyapashe moto?" Meneja aliniuliza kwa mara nyingine.

"Usiguse kitu," nilimwambia. "Yamekua polepole, yaache yaive polepole."

Nilikaa nayo nimejifunga blanketi. Kwanza yalinuka nyasi iliyokatwa. Nikangoja. Yakanuka maua kidogo, bado. Kisha ikaja harufu ya mapera yaliyoiva, na nikapiga kelele wayapeleke kwenye kikaushio.

Mnunuzi alimleta mwonjaji wake, bwana mtulivu kutoka Mbeya. Dereva wetu alimpokea mjini kwa gari ambalo, bila kutuambia, lilikuwa limetoka Kirando asubuhi hiyo na magunia ya dagaa. Bwana yule aliposhuka, kiwanda kizima kilijua amekuja na nani. Nilimwonyesha bomba na ndoo.

"Samahani, kaka," nilisema. "Hapa kwetu mgeni anaoga kwanza."

Alinawa uso, mikono na shingo, akaacha koti lake nje, akakaa upepo umpige. Wachumaji walijipanga mlangoni. Mwenye Shamba alisimama pembeni. Bwana alivuta kikombe cha kwanza, chai ya masika, akatema. Akavuta cha pili, ya kwetu ya kipupwe. Akatulia. Akatema, akaenda cha tatu, kisha akarudi kwenye cha pili.

"Hii mlikuwa mmeificha wapi?" aliuliza.

"Ndani ya ulezi," Fausta alijibu kutoka mlangoni.

Tulicheka wote, yeye hakuelewa mpaka Meneja alipomwonyesha kidole chake alichojikata. Miti haikung'olewa. Tangu mwaka ule kila kipupwe kiwanda kinakwenda kwanza kwenye ulezi, na chai ile inauzwa kwa jina lake, kidogo tu kila mwaka, kwa watu wanaoijua.

Nilistaafu nikiwa bado nasikia vizuri mdomoni, jambo ninalomshukuru Mungu. Siku ya kuniaga Fausta alileta kibuyu, nikalipa deni lote mbele ya watu, nikasindikizwa nyumbani nikiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu. Sina majuto mengi. Nilidhani nakwenda kufundishwa majani, kumbe nilifundishwa kungoja, na nilichelewa kidogo kuelewa kwamba hali ya hewa si mvua na baridi peke yake. Nyumba za wachumaji nazo ni hali ya hewa. Anayechuma akiwa na ulezi wake umesimama shambani huchuma huku macho yake yako kwingine, na hilo linaingia kikombeni.

Meneja siku hizi ana mvi, na bado ananiamkia shikamoo. Kila mwaka hupanda bodaboda akaniletea pakiti ya chai mpya ya kipupwe, akakaa kwenye kigoda na kungoja nionje. Mwaka huu alikuja, akakaa, akatazama viatu vyake. Nilichemsha maji, nikamimina, nikavuta funda la kwanza kwa kishindo. Mapera hayakuwepo. Jani la tatu lilikuwa limefunguka. Niliisikia nyasi kavu, waziwazi.

Nilitema dirishani. "Mmechelewa."

"Tumechelewa, mama."

"Jalidi?"

"Hapana. Fausta alianguka akavunjika mguu, mwanzoni kabisa mwa mavuno. Shamba lake lilikuwa limesimama lote. Wanawake walisema hakuna atakayegusa chai mpaka ulezi wa Fausta uingie ndani. Tukaenda wote kukata. Tulipofika kwenye chai, muda ulikuwa umepita."

"Na mnunuzi?"

"Amenuna. Amechukua kidogo, amesema tutaonana mwakani."

"Na Mwenye Shamba?"

"Alikuwa nasi shambani, mama. Anakata mabua marefu kuliko Fundi Mashine."

Nilimwona Fausta mawazoni, mguu wake juu ya kiti, anawaelekeza wote hao kwa maneno makali, na masuke yanajaa uani.

"Ulezi umeingia wote?" niliuliza.

"Wote. Hakuna suke lililobaki."

Nikakishika kile kikombe tena. Ilikuwa chai mbovu kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye miteremko ile, na ningeweza kuwaeleza wanafunzi kasoro zake mpaka jioni. Nikanywa funda la pili, sikulipeleka dirishani. Nikanywa mpaka majimaji ya mwisho, nikamsogezea Meneja kikombe aniongezee.